Uso wa Jitu

Mtoto ndiye aliyeona kwanza. Watu wazima wa karakana nzima walikuwa wamelizunguka lile jitu siku kadhaa, wanalisifu, wanaicheka pua yake, wanaligonga kidevu kwa vifundo vya vidole wasikie kama gundi imekauka, na hakuna aliyegutuka. Kitunguu alirudi kutoka shule, akatupa mkoba juu ya robota la magazeti kama ilivyo kawaida yake, akainua macho, akasimama. Halafu akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Mama," akauliza kwa sauti ndogo, "baba anafanya nini hapa?"

Mama yake alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, anamalizia nyusi. Alitaka kucheka. Alitaka kumwambia, baba gani tena, hili ni karatasi na gundi ya unga. Lakini alijisogeza nyuma kidogo, akakitazama kile kichwa kama mtu anavyomtazama mgeni aliyesimama mlangoni. Nyusi ya kushoto ilikuwa na ufa katikati. Mdomo wa chini umevutwa upande, kama wa mtu aliyeonja chumvi iliyozidi na anangoja kujua nani wa kulaumiwa. Sikio moja limejikunja juu. Alikuwa yule, yule yule, mkubwa kuliko mlango, na macho yake ameyatia rangi yeye mwenyewe asubuhi ile, huku anaimba.

Alishuka ngazi akishika kila kipago kwa mikono miwili.

"Si baba," akamwambia mtoto. "Ni jitu tu."

Kitunguu alimtazama kwa huruma, jinsi watoto wanavyowatazama watu wazima wasiojua kudanganya.

Mama huyo watu walimwita Fundi Vichwa. Mji wao ulikuwa mji wa mchanganyiko. Ukitumwa chumvi dukani unapishana na lugha chungu nzima kabla hujafika, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote kwenye kaunta. Kila mwaka mitaa yake yote ilifanya Wiki ya Sanaa: kwaya, ngoma, michezo ya kuigiza, mashairi, watoto wa sarakasi, na Jumamosi ya mwisho msafara wa majitu. Majitu yenyewe yaliundwa katika karakana moja, ghala la zamani la magodoro lenye madirisha ya juu. Kiunzi cha fito na waya, juu yake magazeti tabaka kwa tabaka, juu ya magazeti rangi. Na vichwa vilikuwa vyake yeye. Wengine waliomba picha wafuatishe. Yeye alifumba macho, akatia mikono kwenye majimaji ya karatasi, akaacha dole gumba litafute. "Vidole ndivyo vinavyojua," alikuwa akijisifu, "mimi navifuata tu." Haya, vilijua. Vilikwenda mpaka kule alikokwisha kuapa hatarudi, vikamletea alichokikimbia.

Yule alikuwa mume wake. Ngumi zake zilikuwa hazina sababu wala saa, na siku alipomwinulia mtoto mkono, mama alifunga mkoba mmoja akaondoka mchana kweupe wakati mume yuko kazini. Lakini maneno yake aliondoka nayo: "Ingia hata tundu la sindano, nitakupata." Hayo hakuyasema kwa hasira. Aliyasema akivaa viatu, kwa upole, na huo upole ndio uliomtisha mkewe kuliko mikono.

Jioni ya siku ile Kitunguu alipouona uso, Fundi alimfuata Mwenyekiti wa Wiki ya Sanaa. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mwema kabisa, ila mdomo wake haukuwa na komeo. Siri ukimpa asubuhi, adhuhuri unasimuliwa wewe mwenyewe. Fundi alimwambia kichwa kina kasoro, mdomo umepinda, anataka kukivunja akianze upya. Mwenyekiti akamcheka, akamshika mkono, akamtoa nje mpaka kona ya barabara. Ukutani, juu ya duka la dawa, kulikuwa na bango refu. Uso ule ule, umepigwa picha kabla hata haujakamilika, na chini yake maneno makubwa: Wiki ya Sanaa, Mitaa Yote, Jumamosi Uwanjani. Na namba ya simu.

"Mabango yamebandikwa mchana huu mji mzima, dada yangu," alisema, "na miji ya jirani pia. Watu wanasema uso huu una uhai. Umejipita mwenyewe."

Fundi alijibu asante. Akajua maji yameshamwagika.

Toka siku hiyo usingizi ukamtoroka. Kila alipopita palikuwa na yule: kwenye kituo cha mabasi, kwenye ukuta wa shule, mlangoni kwa mwuza mkate. Alivuka barabara kulikwepa bango moja akajikuta chini ya jingine. Kitunguu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya kupenda kuvaa fulana juu ya fulana, sasa alivaa zote alizokuwa nazo, na hakuuliza tena lolote. Alishika tu kidole cha mama yake kwa nguvu mpaka kikafa ganzi.

Angemwambia nani? Hapo ndipo kosa lake la zamani lilipomkalia kooni. Alipofika mji huu aliulizwa mumewe yuko wapi, akasema amekufa. Mjane haulizwi maswali, anapewa pole na kiti. Na kiti alichopewa kilikuwa kando ya Mama Cherehani, mshonaji wa mavazi ya majitu, mjane wa kweli, mama mzito wa mwili na mwepesi wa mikono, aliyemwita mwanangu tangu siku ya kwanza. Wawili hao walizoea kukumbushana marehemu wao wakati wa chai. Mama Cherehani akisimulia wake, Fundi naye ilibidi asimulie wake, na kwa kuwa hakuwa naye alimtunga: mtu mpole, anacheka kimoyomoyo, anatengeneza viatu vya watoto wa jirani bila kuombwa. Alimtunga vizuri hivi kwamba Mama Cherehani alikuwa akimwombea kwa jina la "yule wa viatu", na kusema wazuri hawadumu. Njia ya mwongo fupi, lakini yeye aliitembea kwa miaka, akiwa amepewa mkono na mwenzake.

Siku ya Alhamisi Mwenyekiti aliingia karakana amechangamka, akapiga makofi watu wamsikilize. Kuna bwana mmoja kapiga simu, alisema, kutoka mbali. Kaona bango. Kauliza nani kaunda kichwa kile, maana kimemgusa mno. Bwana mwenye heshima, sauti laini, anaongea kama anakusomea habari.

Brashi ya Fundi ilianguka kwenye mkebe wa rangi. Aliuliza, akilazimisha ulimi, Mwenyekiti alimjibu nini.

"Jina sikumtajia, hiyo ni siri yetu mpaka mwisho, ndiyo utamu wake," Mwenyekiti akasema. "Nilimwambia aje Jumamosi. Msafara ukifika uwanjani kila fundi anajitokeza chini ya jitu lake. Kasema atakuja. Atasimama mbele kabisa."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao, na watu waliipenda kuliko ngoma zote. Jitu husimama, Mwenyekiti huita, na fundi aliyejificha chini ya vazi anakivuta kitambaa, anatoka, watu wanashangilia. Mwaka hadi mwaka Fundi Vichwa alitoka hivyo, uso umejaa jasho, anacheka.

Wenzake walirudi kazini. Kreni, mchukuzi wa sokoni mwenye mabega ya kubeba kabati, ambaye ndiye aliyekuwa akilibeba jitu kubwa kila mwaka, alianza kutania kwamba huyo bwana anatafuta mke. Watu wakacheka. Fundi alikwenda nyuma ya marobota, akatapika.

Alipokwisha kunawa uso aliketi kwenye kiti kando ya cherehani, na Mama Cherehani alikuwa anashona ukosi wa shati la jitu, ukosi wa kutosha kuwa shuka la kitanda. Mguu wake uliendelea kukanyaga.

"Mama," Fundi akasema, "mume wangu hajafa."

Mguu ukasimama.

"Ndiye yule pale." Akaonyesha kichwa kwa kidevu. "Na ndiye aliyepiga simu."

Mama Cherehani aligeuka akakitazama kichwa kitambo kirefu. Alitazama nyusi, mdomo, sikio. Shingo ile alikuwa ameipima kwa kamba yake mwenyewe.

"Na yule wa viatu?"

"Nilimtunga."

"Mimi nimemwombea," akasema mama yule. "Nimemwombea kuliko nilivyomwombea wangu."

Fundi alieleza yote, haraka haraka, kwa sauti ya chini. Alipomaliza, Mama Cherehani aliuma uzi kwa meno, akaukata.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Nenda kamchukue mtoto shule."

Usiku Fundi alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga. Kitunguu, aliyekuwa amelazwa, alimtazama akauliza kama wanahama tena. Alijibiwa alale.

Ijumaa alifika karakana na mkoba begani, akitaka kuchukua brashi zake tu na kwenda zake. Alimkuta Mama Cherehani amelala chali sakafuni chini ya vazi la jitu, sindano mdomoni, na Kreni amemshikia taa. Mama akatoka akijikung'uta, akautazama ule mkoba, akaelewa.

Alimwambia mambo machache, kwa sauti ya mtu anayeagiza vitambaa. Ukikimbia leo, kesho yule anafika, anamkuta kila mtu anakutaja: Fundi wetu jamani katoweka, na mwanawe mdogo, alikuwa analala nyumba ile. Atakufuata ukiwa peke yako njiani. Kesho utaingia humu ndani kama kila mwaka, na mtoto utaingia naye. Kuna nafasi, nimeipanua.

"Na Mwenyekiti akiniita nitoke?"

"Hutatoka. Mlango wa vazi nitaushona. Sitaufungua mpaka nipende mwenyewe."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Fundi alimtazama Kreni, na Kreni akaangalia pembeni. Wazo likamjia, na likakataa kumtoka: mtu uliyemdanganya miaka yote anataka kukushonea ndani ya nguo, na anayekutafuta atasimama mbele yake. Lakini alijiuliza aende wapi, na hakupata jibu. Alirudisha brashi kwenye mkebe.

Jumamosi waliingia, Kreni mbele na fremu mabegani, Fundi nyuma yake na kamba za taya na za macho, maana hakuna mwingine aliyezijua, na Kitunguu katikati. Mama Cherehani alipiga magoti, akashona. Fundi alisikiliza sindano ikipita kitambaani, mshono kwa mshono, na mwanga wa mchana ukipungua kwa chini. Alimwambia mtoto: ukiona lolote, ukisikia lolote, usitoe sauti. Kitunguu alitikisa kichwa, akaweka viganja vyote viwili juu ya mdomo wake tangu wakati huo, ingawa hata mtaa wa kwanza walikuwa hawajaumaliza.

Huko nje ilikuwa raha ya ajabu. Ngoma zilipasuka mbele, kwaya zikajibu nyuma, watu walipiga vigelegele kwa lugha zote za mji. Kupitia kiwavu kidogo kilichoshonwa kifuani mwa jitu, Fundi aliona vipande tu: mkono wenye kijibendera, mtoto juu ya mabega, mtu anakula hindi la kuchoma. Alivuta kamba, jitu likafumba jicho. Alivuta, likafungua taya, na umati ukacheka. Kila mara kicheko kilipovuma, alitafuta ndani yake kicheko kimoja. Mikono yake ilitetemeka na jitu likatetemeka kidevu, watu wakaona ni ufundi, wakashangilia zaidi.

Uwanjani walisimama. Ngoma zikanyamaza. Na ndani ya ule ukimya, kwenye saruji, Fundi alisikia hatua. Viatu vya ngozi vyenye vyuma kisiginoni. Ka. Ka. Ka. Miaka yote ya ndoa alivipaka rangi viatu vile kila jioni, na kila jioni alijua kwa mlio wake kama usiku utakuwa mzuri au mbaya. Hizi zilikuwa hatua za taratibu, za mtu mwenye furaha. Zilikuwa mbaya kuliko zote.

Vilikuja vikasimama karibu na pindo. Viatu vya kahawia, vinang'aa. Kitunguu aliviona. Hakulia. Alijikunja akawa mdogo zaidi, fulana zake zote zikatetemeka, na mkojo ukamtiririka kimya mpaka kwenye saruji. Fundi aliutazama ule mfereji mwembamba ukielekea kwenye pindo la vazi, kwenye viatu. Mguu wa Kreni ukasogea, mguu mkubwa kama mkate, ukauzuia.

"Ndugu zangu," sauti ya Mwenyekiti ikaanza, "wakati mliokuwa mnaungoja. Fundi wa uso huu…"

Akanyamaza. Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kunyamaza katikati ya sentensi tangu azaliwe. Fundi aliuma mkono wake mwenyewe.

"Fundi wa uso huu," Mwenyekiti akarudia, na sauti yake ilikwaruza, "ni mama yetu huyu hapa."

Makofi yalichelewa, kisha yakaja yote pamoja. Viatu havikusogea.

"Wewe, mama?" Ilikuwa ile sauti laini. Fundi aliifahamu mpaka mifupani. "Wewe ndiye uliyeunda hiki kichwa?"

"Mimi, baba."

"Huyu ni nani?"

"Ni marehemu mume wangu," akasema Mama Cherehani.

Zikaja sauti za pole, kutoka huku na huku, za wazee kwa vijana, pole mama, pole sana. Mtoto mmoja akapaza sauti kwamba huyu mjomba anafanana na jitu. Mwingine akaitikia. Watu wakasogea kutazama, wakalinganisha nyusi na nyusi, mdomo na mdomo, kicheko kikazuka. Mtu akamwomba asimame pembeni apigwe picha.

"Kweli mmefanana," Mama Cherehani akasema, kama anayempima shati. "Duniani wawili wawili. Wangu alikuwa mtu wa kupiga. Alimpiga mkewe mpaka akataka kumpiga na mtoto. Basi akafa. Wewe si mtu wa hivyo, sivyo?"

Hapo kicheko kikakatika. Fundi hakuona uso wa yule. Aliona viatu tu. Kimoja kilisogea mbele, kikakanyaga pindo la vazi, na kitambaa kikavutika. Mshono wa Mama Cherehani ulikaza, uzi kwa uzi, usiachie. Miguu mingine ikaja. Viatu vya mpira vya mcheza ngoma mmoja, ndala za mwuza mkate, viatu vya kwaya vyeusi vilivyofanana vyote. Havikusukuma. Vilisimama tu, karibu sana, pande zote.

"Nimeuliza tu, mama," sauti laini ikasema.

"Nami nimekujibu."

Kiatu kilitoka kwenye pindo. Ka. Ka. Vyuma vilikwenda vikipungua, na Fundi alivihesabia pumzi mpaka ngoma zilipoanza tena na kuvimeza.

Hakujua walikaa muda gani. Mkasi ulipita kwenye mshono na mwanga ukaingia, na uso mpana wa Mama Cherehani ukachungulia, umelowa jasho, umekasirika bado.

"Haya, toka," akasema. "Sasa wewe ni mjane kweli."

Kitunguu alitoka kwanza, viganja bado mdomoni. Fundi hakuweza. Vidole vilikuwa vimeshika kamba hivi kwamba mama yule ilibidi aingie mwenyewe ndani, avifungue kimoja baada ya kingine.

"Amekwenda?"

Mama Cherehani aliinua kitambaa akautazama uwanja wote, hadi kwenye kona ambako barabara inaanza.

"Leo amekwenda."

Mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, hajui pa kutazama. Alikuwa ameambiwa asubuhi ile, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekaa na jambo mpaka jioni. Alitafuta la kusema akapata la kazi tu: kwamba kesho vijana watapita mji mzima kuyabandua mabango, kama kawaida, yaloweshwe yawe karatasi ya majitu ya mwakani. Kwa heshima ya Fundi, akasema, wangeanza na haya ya hapa karibu, hata sasa hivi, ili asiuone tena ule uso.

Fundi alimvuta mwanawe kifuani. Ng'ambo ya uwanja, juu ya duka la dawa, uso wa yule ulimtazama, na chini yake mwuza mkate alikuwa amesimama, anautazama naye, kwa makini, kama mtu anayejifunza kitu cha kukumbuka.

"Yaacheni," akasema.